MWIGIZAJI NA DOLA: MAZUNGUMZO JUU YA FILAMU YA "MEPHISTO"

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi. Inachapwa hapa kwa ombi la Mhariri.)



Mwaka huu Kamati haikuniomba nizungumze juu ya hesabu za Chama, jambo ambalo najua wengi wenu mmelipokea kwa shukrani. Vijana wa Chama cha Maigizo waliomba mtu wa kufungua mdahalo juu ya filamu waliyoionyesha jana usiku bwaloni. Kamati ikakumbuka kwamba mimi, kabla ya kuwa mkaguzi wa hesabu kwa miaka 31, niliwahi kuigiza katika ukumbi huuhuu. Ni kweli. Nilikuwa mlinzi wa mlango wa mfalme, na maneno yangu yalikuwa manne.

Hoja itakayojadiliwa leo jioni inasema hivi: "Mwigizaji hana lawama kwa matendo ya serikali anayoiigizia." Nimeambiwa kwamba bweni zima halikulala kwa sababu ya hoja hiyo, na kwamba Kidato cha Sita wamegawanyika nusu kwa nusu. Sikuja kuwaamulia. Nimekuja kuwawekea mezani mambo yaliyotokea, ili mtakapobishana mbishane juu ya kitu mnachokijua.

Kwa wale waliofika leo asubuhi na hawakuiona, nitaisimulia kwa ufupi. Filamu inaitwa Mephisto. Iliongozwa na István Szabó wa Hungaria, ikatoka mwaka 1981, na mwaka 1982 ikapata tuzo ya Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Mhusika mkuu ni mwigizaji wa Kijerumani aitwaye Hendrik Höfgen, na aliyemwigiza ni Klaus Maria Brandauer wa Austria. Tunamkuta Höfgen katika mji wa Hamburg, miaka ya 1920. Huko ukumbini watu wanampigia makofi mwimbaji mwingine. Yeye yuko chumba cha kuvalia, anajipigapiga na kulia kwa wivu. Mtu huyu anataka kupendwa, na anataka kupendwa na watu wote. Shikeni hilo, maana mengine yote yanatoka hapo.

Höfgen si mtu mbaya. Rafiki yake Otto ni mkomunisti, na wote wawili wanataka kuanzisha michezo kwa ajili ya wafanyakazi. Ana mpenzi, Juliette, ambaye ni Mjerumani mweusi na ndiye anayemfundisha kucheza dansi. Anamwoa Barbara, binti wa ukoo wa wasomi. Kijana mmoja wa kikundi chao, mfuasi wa Wanazi, anapomtukana mwigizaji mwenzao kwa sababu ya Uyahudi wake, ni Höfgen anayehakikisha kijana huyo anafukuzwa. Kisha anakwenda Berlin, na huko anapata sifa kubwa kwa kumwigiza Mephisto, yaani yule shetani wa hadithi ya kale ya Kijerumani aliyenunua roho ya daktari msomi aitwaye Faust. Hadithi hiyo mwandishi Goethe aliifanya mchezo ambao kwa Wajerumani ndio kilele cha fasihi yao.

Januari 1933 Hitler anakabidhiwa serikali. Höfgen anapiga filamu Budapest. Mkewe anaihama nchi na kwenda Paris. Yeye angeweza kufanya vivyo hivyo. Njia ilikuwa wazi, na kituo cha treni kilikuwa hatua chache. Lakini inamfikia barua kutoka Berlin kwamba bibi mmoja mwigizaji, kipenzi cha Jenerali mkubwa wa utawala mpya, amemwombea, na kwamba akirudi hataguswa. Anarudi.

Usiku mmoja, katikati ya mchezo, wakati wa mapumziko, Jenerali anamwita kwenye kiti chake cha heshima cha juu. Höfgen anapanda akiwa bado na uso wake uliopakwa rangi nyeupe ya shetani. Wanapeana mikono. Watu wote chini ukumbini wanasimama kimya na kuwatazama. Nawaombeni mnaoigiza mwitazame tena sehemu hiyo polepole. Hakuna hati iliyotiwa sahihi pale, hakuna fedha iliyotolewa, hakuna kiapo. Ni mkono tu. Lakini anaposhuka ngazi zile, mtu aliyevaa mavazi ya shetani ndiye aliyeuza, na aliyevaa sare ndiye aliyenunua.

Kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio. Anakuwa mkurugenzi wa Jumba la Michezo la Taifa. Anamwacha mkewe. Juliette, kwa rangi yake, hawezi kubaki Ujerumani, na Höfgen anaruhusiwa kumwokoa kwa masharti kwamba aondoke na wasionekane tena pamoja. Otto anakamatwa, Höfgen anakwenda kumwombea, na Jenerali anamfukuza kama mtu anayefukuza mbwa jikoni, akimwita mwigizaji kwa sauti ile ambayo wengine humwitia mtu mwizi. Otto anauawa. Mwisho Jenerali anampeleka usiku katika uwanja mkubwa mtupu, anapaza sauti kuliita jina lake, na taa kali zinamfukuza huku na huko mpaka macho yanashindwa kuona. Naye anabaki akijiuliza watu hawa wanamtakia nini, ilhali yeye ni mwigizaji tu.

Sasa tuiache filamu, tuingie katika mambo yaliyotokea kweli. Kitabu kilichozaa filamu hii kiliandikwa na Klaus Mann, mtoto wa mwandishi Thomas Mann. Alikimbia Ujerumani mwaka 1933, na kitabu kikachapishwa Amsterdam mwaka 1936. Kila aliyekisoma alimtambua mwenyewe: alikuwa ni Gustaf Gründgens, mwigizaji mashuhuri, ambaye kuanzia 1926 hadi 1929 alikuwa mume wa Erika, dada yake Klaus. Gründgens alimwigiza Mephisto Berlin mwaka 1932. Mwaka 1934 akapewa ukurugenzi wa Jumba la Michezo la Taifa na Hermann Göring, Waziri Mkuu wa jimbo la Prussia, na mwaka 1936 akafanywa diwani wa jimbo hilo. Otto wa filamu naye ana asili yake. Hans Otto alikuwa mwigizaji mkomunisti aliyefanya kazi Hamburg na Berlin. Alikamatwa Novemba 1933, akateswa, akatupwa dirishani, akafa hospitalini tarehe 24 Novemba.

Nisikilizeni vizuri hapa, hasa ninyi mtakaopinga hoja, maana wenzenu watawaletea jambo hili na lazima mwe na jibu. Gründgens aliokoa watu. Mwimbaji Ernst Busch, mkomunisti, alipokuwa gerezani wakati wa vita akikabiliwa na hukumu ya kifo, Gründgens alihangaika juu chini, akatafuta mawakili, na Busch hakunyongwa. Vita vilipokwisha, Warusi walimweka Gründgens kizuizini miezi kadhaa, na Busch akasimama kumtetea. Baadaye aliongoza majumba ya michezo Düsseldorf na Hamburg, akaheshimiwa, akafa mwaka 1963 akiwa safarini Manila. Klaus Mann yeye alijiua Cannes mwaka 1949, bila kukiona kitabu chake kikiuzwa katika nchi yake. Mtoto wa kulea wa Gründgens akafungua kesi, na mwaka 1971 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani Magharibi ikagawanyika majaji 3 kwa 3, kwa hiyo marufuku ya kitabu ikabaki. Kilichapishwa hatimaye mwaka 1981, mwaka uleule wa filamu.

Waungaji mkono wa hoja watasema: kama Gründgens angekimbia, Busch angekufa. Na watawakumbusha methali ya wazee wetu: Mtumikie kafiri upate mradi wako. Ni methali nzito; haikutungwa na wapumbavu. Watu wa pwani waliotawaliwa na mgeni baada ya mgeni walijua maana yake. Mtu mwenye watoto wa kulisha hawezi kila siku kusimama mbele ya bunduki.

Jibu langu ni la mkaguzi wa hesabu. Katika kazi yetu hairuhusiwi kuchukua deni la huku ukalifuta kwa akiba ya kule. Kila moja huandikwa mahali pake. Uhai wa Busch umeandikwa upande wa kuingia, na hakuna atakayeufuta. Mimi mwenyewe nisingependa kuishi katika dunia ambayo Busch amenyongwa. Lakini upande wa kutoka pia lazima uandikwe. Ni kitu gani Göring alikuwa akinunua? Hakuhitaji mwigizaji wa kumpigia debe mitaani; wapiga debe alikuwa nao wengi. Alihitaji jumba zuri lenye michezo mizuri, ili mgeni kutoka nje aketi, amwone Hamlet akiigizwa kwa ustadi, kisha arudi kwao akasema: nchi yenye sanaa ya namna hii haiwezi kuwa ya washenzi. Kumbe kadiri Gründgens alivyoigiza vizuri, ndivyo bidhaa ilivyokuwa na thamani kwa mnunuzi. Ustadi wake haukuwa kando ya jambo hilo. Ndio uliokuwa unauzwa.

Na mradi wenyewe ulikuwa upi? Methali inasema upate mradi wako. Mradi wa Höfgen wa filamu ni makofi. Mtu akimtumikia kafiri ili watoto wasife njaa, nitamvulia kofia. Akimtumikia ili apigiwe makofi, basi asiitafutie nafasi methali ya wanyonge.

Ndugu zangu, nasema wanyonge kwa sababu maalumu. Nataka kuwatajia mwigizaji mwingine wa Berlin ya miaka ileile, ambaye hayumo katika filamu hii, na ambaye lugha yake ilikuwa hii ninayowahutubia. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Kijerumani mwenye asili ya Sudani. Vita vya kwanza vilipoanza, mtoto huyu wa miaka kumi akaingizwa jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Ujerumani kwa kazi ya melini, akaenda Berlin kudai mshahara wao wa vita. Hakulipwa. Akabaki hukohuko, akaitwa Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya kuhudumia mezani, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaoa mwanamke wa Kijerumani, na akaigiza katika filamu zaidi ya 20, karibu zote sehemu ndogondogo za boi au mpagazi. Alivaa magwanda ya askari katika mikutano ya Wajerumani waliotaka kurudishiwa makoloni.

Filamu yake ya mwisho ilitoka mwaka 1941, na jina lake ni Carl Peters. Naona wanafunzi wa historia wameinua vichwa. Naam, ni yuleyule mwenye mikataba ya 1884 ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, yule ambaye watu wetu walimwita Mkono wa Damu. Wanazi walimfanya shujaa wa sinema, na Husen akaigiza kiongozi wake wa safari. Mwaka huohuo Gestapo walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen bila kumfikisha mahakamani. Alifia humo tarehe 24 Novemba 1944, miaka 11 kamili baada ya Hans Otto.

Je, huyu naye ana lawama? Mnaweza kulijadili, nami sitawazuia. Ila nawaombeni mtazame milango. Gründgens alikuwa na jina, fedha, na njia ya kwenda Paris, Vienna au Zurich, na marafiki wa kumpokea. Husen alikuwa mtu mweusi ndani ya nchi iliyomwona kuwa uchafu, na sinema ilikuwa miongoni mwa sehemu chache zilizompa ujira. Anayehukumu bila kuhesabu milango iliyokuwa wazi mbele ya kila mmoja anahukumu ovyo. Na anayesema wote ni sawa, kwa kuwa wote walikuwa waigizaji tu, anamfichia mkubwa kosa lake nyuma ya shida ya mdogo.

Liko jambo jingine, nalo limejulikana baada ya filamu kupata sifa zake zote. Januari 2006 gazeti moja la Hungaria lilitoa habari kwamba Szabó mwenyewe, mwongozaji wa Mephisto, kuanzia mwaka 1957 alipokuwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa na mwenye umri wa miaka 19 hivi, alikuwa akiandikia polisi wa siri taarifa juu ya wanafunzi wenzake na walimu wake. Ilikuwa muda mfupi baada ya maasi ya 1956 kuzimwa kwa vifaru. Mwanzoni alisema alikubali ili kumwokoa mwenzake aliyeshiriki maasi hayo.

Wapo waliosema kuanzia siku hiyo kwamba filamu imepoteza thamani. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyeipiga picha ile ya kupeana mikono alijua mkono ule una joto gani. Lakini habari hii inatuzuia sisi tunaotazama tusijione watakatifu. Umri wake ulikuwa umri wenu, ninyi mlioketi safu za mbele. Na kazi aliyopewa haikuwa ya kumuua mtu. Ilikuwa kuandika karatasi moja.

Niwape mfano wa kwetu, kisha nikae. Katika kazi yangu niliwahi kukagua bohari moja ambayo sitaitaja. Mabati zaidi ya 300 yalikuwa yamepokelewa kwenye vitabu, na hayakuwahi kufika. Mtunza bohari, mtu mpole, mcha Mungu, aliniambia: "Mzee, mimi nilikuwa natia sahihi tu. Mimi ni mtunza bohari tu." Nikamwomba turudi nyuma, hati baada ya hati, mpaka tukaipata ya kwanza. Ilikuwa ya makopo mawili ya rangi, miaka mitatu nyuma. Bosi wake alimwomba aitie sahihi jioni, gari lingefika asubuhi. Na kweli gari lilifika asubuhi, na makopo yote mawili yalikuwamo! Hakuna shilingi iliyopotea siku ile. Ila siku ile bosi alijua kwamba huyu hutia sahihi kabla ya kuona mali, na mwenyewe alijua kwamba bosi anajua.

Ndiyo maana sisi wakaguzi hatuishii kwenye sahihi ya mwisho, ile ya mabati 300. Ya mwisho kila mtu anaiona, na wakati huo aliyetia sahihi hana tena nguvu ya kukataa. Höfgen alipokwenda kumwombea Otto alikuwa tayari amechelewa. Alikuwa mali ya mtu, na mali haiombi. Nafasi yake ilikuwa Budapest, akiwa na barua mkononi, wakati ambapo kurudi kulionekana jambo dogo la busara, na hakuna aliyekuwa amemwomba amdhuru mtu yeyote.

Wengi wenu hamtakuwa waigizaji. Mtakuwa makarani, madaktari, wahandisi, watangazaji, walimu, pengine na mabalozi. Mtapewa kalamu, mihuri na funguo. Ninyi wazee wenzangu mnazo tayari, na baadhi yenu mnajua hati ipi ninayoisema. Atakapokuja mtu mwenye madaraka na kuwaomba jambo dogo, lenye sababu nzuri, litakalosahihishwa kesho asubuhi, siku hiyo ndiyo mtakuwa na nguvu kuliko siku nyingine yoyote itakayofuata. Mkimwambia asubiri mpaka gari lifike, atakasirika kidogo, kisha atamtafuta mwingine. Mtakosa safari moja au cheo kimoja. Nimewaona waliokosa. Wanaishi, na wengine wao wameketi humu ukumbini.

Kuhusu hoja yenyewe, nitapiga kura ya kuipinga, lakini nitasikiliza pande zote mbili kwanza, na ninamwomba Mwenyekiti wa mdahalo awape waungaji mkono muda wao kamili, maana kazi yao ni ngumu zaidi. Nasikia Chama cha Maigizo kinatayarisha mchezo wa mwisho wa muhula na kinahitaji watu. Kama bado hamjampata mlinzi wa mlango, yale maneno manne ninayakumbuka.